Tope Lisilo na Majivu

Kufikia Jumanne nyumba yote ilikuwa imehamia jikoni. Godoro, sanduku la nguo, redio, mikeka miwili, kuku watatu waliofungwa miguu, na Bi Mwavita mwenyewe, miaka sabini na minane, ameketi juu ya gunia la makaa kama bibi harusi. Jiko lilikuwa kibanda cha miti na mabati nyuma ya nyumba, lakini ndipo pekee palipobaki pakavu. Nyumba yenyewe, ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, ilikuwa na maji ya ziwa hadi nusu ya muundi, na juu ya mlango wake mtu alikuwa amechora X kubwa ya rangi nyekundu.

Saliha alisonga ugali huku mguu mmoja ukimzuia kuku asijisukume motoni. Alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauuondoi. Tangu Machi ziwa Tanganyika lilikuwa likipanda bila wimbi wala kelele, likilowesha mtaa wa Kibenga kama chai inavyolowesha mkate. Watu walikuwa wakiamka na kukuta viatu vinaelea. Wiki iliyopita kiboko alilala uani kwa jirani, akaondoka alfajiri akiacha kinyesi mlangoni, na jirani akaondoka siku hiyohiyo.

"Baba Nuru," alisema, "Jumatatu mashine inakuja."

"Najua."

"Unajua na umekaa."

Chabani, mumewe, alikuwa kizingitini, miguu ndani ya maji, akisugua sepetu ambayo tayari ilikuwa safi. Wakubwa wa mji walikuwa wameamua kwamba nyumba zote za ukingo wa ziwa ziondolewe. Massoudi, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa amepita Jumamosi na karatasi mkononi na suruali imekunjwa. Atakayebomoa mwenyewe, alisema, mabati ni yake, milango ni yake, matofali ni yake. Atakayesubiri mashine atabaki na vifusi. Majirani karibu wote walikuwa wamekwisha kuezua.

"Sikuzani ametupa chumba cha uani," Saliha aliendelea. Sikuzani alikuwa mdogo wake, ameolewa Nyakabiga na fundi wa magari aitwaye Ilias. "Jana amenipigia tena. Unataka akupigie na ngoma?"

"Mi niende kulala kwa Ilias? Mutu wa miaka sitini, niamke asubuhi nimuulize mume wa shemeji yangu choo iko wapi?"

"Utauliza mara moja. Siku ya pili utakuwa unaijua."

"Saliha, mwanaume hakai kwa wakwe. Bora nilale mu maji."

Bi Mwavita alisafisha koo, na Saliha akajua kinachokuja. "Baba yake alikaa hapa," mama mkwe alisema. "Mwaka wa sitini na ine maji ilifika mu nyumba. Akapandisha kitanda juu ya matofali, akakaa na ziwa uso kwa uso, mpaka ziwa ikachoka. Na Chabani akazaliwa hapa hapa, maji ikiwa chini ya kitanda."

Saliha alikuwa ameolewa miaka thelathini na alikuwa ameisikia hadithi hiyo kwenye kila Idi, kila msiba na kila ugomvi. Hadithi ya mama mkwe haipingwi. Akapakua ugali.

"Tena kesho yule mutoto wa université anakuja," Chabani alisema, akipata nguvu. "Atapima, ataandika papier kwamba hii maji ilikuja zamani na ikarudi. Nitaipeleka ku bureau. Wataifuta ile X."

"Na wasipoifuta?"

Chabani aliosha mikono, akaanza kula.

* * *

Mtoto wa université alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Spès, amevaa mabuti ya mpira na kofia ya jua. Alikuwa akiandika kitabu cha shahada ya udaktari juu ya watu wa kale wa pwani ya ziwa, namna walivyoishi miaka ya maji makubwa na miaka ya ukame. Hakuna aliyeyaandika mambo hayo wakati yakitokea, alisema, kwa hiyo inabidi kuuliza udongo. Alikuwa amezunguka Kibenga nzima akitafuta ardhi ambayo haijachimbwa. Aliposikia kwamba nyuma ya nyumba ya Chabani kuna jiko lililosimama juu ya kilima cha makome, alikuja mwenyewe kuomba ruhusa ya kuchimba.

Maana Chabani alikuwa mchimba makome. Chini ya mchanga wa Kibenga kulikuwa na tabaka nene la makome ya ziwa, meupe, yaliyokufa zamani hata wazee hawajui lini. Chabani aliyafuata kwa sepetu kama wengine wanavyofuata dhahabu. Aliyachimba, Saliha akayachekecha, wakayatia magunia, wakawauzia watengenezaji wa chakula cha kuku. Miaka ishirini na mitano. Walianzia mbele ya kiwanja, wakajenga nyumba palipokwisha kuchimbwa, wakaishia nyuma. Jiko tu ndilo lililosalimika, kwa sababu Saliha alikataa kuhamisha mafiga yake.

Spès alisimama uani, maji yakimfika nusu ya buti, akalitazama jiko lililokaa juu ya kilima chake kama jino moja lililobaki kinywani.

"Mzee Chabani, zamani kiwanja chote kilikuwa juu hivi?"

"Chote!" Chabani alijibu kwa majivuno. "Mpaka kule ku barabara. Ni mi nimekitoa. Hakuna kuku Bujumbura hii ambayo haijakula makome yangu. Hata yai umekula asubuhi, nina mukono ndani yake."

Spès alitabasamu kidogo, akatoa futi. Alipima kutoka ukingo wa jiko hadi chini uani, akapima mara ya pili, akaandika. Kisha akaikodolea macho namba hiyo kwa namna ambayo Saliha hakuipenda.

"Sema," Saliha alimwambia. "Sisi si wagonjwa."

"Mita moja na ishirini, mama. Mmeshusha kiwanja mita moja na ishirini." Alionyesha nyumba kwa kalamu. "Ziwa halikupanda lote hilo. Sehemu kubwa ni nyinyi mlioshuka mkalikuta."

Chabani alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akatazama maji yaliyozunguka nyumba yake. Akayatazama tena.

Saliha alitaka kumgeukia mumewe na kumtolea maneno ya miaka ishirini na mitano. Lakini chekecheke lilikuwa mikononi mwake mwenyewe siku zote hizo. Yale magunia ndiyo yaliyochoma matofali ya nyumba hii. Ndiyo yaliyomsomesha binti yao Nuru mpaka akaolewa Uvira kwa heshima, na kitanda chake mwenyewe. Walikuwa wamejenga nyumba kwa kuuza mahali pa kuisimamisha, na hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa tu, na makome yalikuwepo.

"Unachimba wapi sasa?" akamuuliza Spès. "Tusipoteze mwanga."

* * *

Walikata ubavu wa kilima cha jiko. Hakuna aliyejua kuukata vizuri kuliko Chabani, na Spès alimwachia. Chabani alishusha sepetu wima, akauparua udongo kwa panga, akaulainisha kwa mwiko wa kujengea mpaka ukawa kama keki iliyokatwa kwa kisu. Alhamisi mchana rangi zake zilionekana wazi. Hata Bi Mwavita aliacha gunia lake, akateremshwa na Saliha polepole, akakalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa ili aone.

Spès alieleza akigusa kila tabaka kwa ncha ya kalamu. Chini kabisa, makome. Juu yake, mstari mweusi wa majivu na mkaa, mifupa ya samaki, vigae vya vyungu: watu walikaa hapa, walipika. Juu ya majivu, tope la kijivu, laini, la ziwa. Juu ya tope, majivu tena. Tena tope. Tena majivu. Tena tope. Na juu kabisa udongo wa siku hizi, na mifuko ya plastiki, na betri ya redio.

"Mara tatu maji makubwa yalifika hapa," Spès alisema. "Na mara tatu watu walirudi. Angalia." Aliweka vigae viwili kwenye kiganja. Kimoja kilitoka chini ya tope la kwanza, kingine juu yake. Vyote viwili vilikuwa na alama ya kidole gumba iliyobanwa kwenye ukingo, moja baada ya nyingine, kama shanga. "Kazi ya mkono mmoja. Au mama na binti yake. Waliondoka, wakarudi, wakafinyanga vilevile."

"Umeona!" Chabani alimgeukia mkewe, uso ukiwa umeng'aa. "Nilisema nini? Maji inakuja, watu inakaa. Mutoto wangu, andika hivyo hivyo. Weka na tampon, muhuri kabisa."

"Sikusema walikaa, mzee. Nilisema walirudi." Spès alisema polepole, kama mtu anayemwaga uji kwa mgonjwa. "Penye watu pana majivu. Ukiwa na jiko juu ya meza, juu ya kitanda, juu ya mtumbwi, majivu utayamwaga tu. Sasa tazama ndani ya hili tope. Safi. Hakuna mkaa hata punje. Hapa hakuna mtu aliyepika."

"Hilo ni la zamani sana. La baba yangu iko wapi?"

Spès aligusa tope la juu, jembamba, la unene wa vidole viwili. "Nadhani ni hili. Kila msimu wa mvua unaleta utepe mweusi, kila kiangazi utepe mweupe. Hesabu mwenyewe."

Chabani aliinama. Alikuwa na macho mazuri ya mtu wa makome. Mweusi, mweupe. Mweusi, mweupe. Mweusi, mweupe.

"Miaka mitatu," Spès alisema. "Na hakuna majivu."

"Basi mashine yako imekosea."

"Sina mashine, mzee. Nina mwiko wako."

Chabani alinyooka. Shingo ilikuwa imemvimba. "We mutoto wa juzi, unakuja kunieleza baba yangu? Mwanaume alikaa hapa! Mi nilizaliwa hapa! Mama, mwambie."

Bi Mwavita hakuwa akimtazama mwanawe. Alikuwa akitazama kitu kilichochomoza chini ya tope la juu, kwenye majivu. Alinyoosha kidole. Spès alikichokonoa taratibu, akakipangusa kwa kidole chenye mate. Kipande cha sahani ya bati, kimeliwa na kutu, lakini rangi yake nyeupe imebaki ukingoni, na ua moja jekundu.

"Zilikuwa sita," Bi Mwavita alisema. "Za harusi. Mama alininunulia kwa Mugiriki mu mujini. Nilibeba ine, mbili zikabaki. Maji iliingia wakati wa alasiri, hatukupata muda."

Kuku mmoja jikoni alilalamika, kisha akanyamaza.

"Mulienda wapi, mama?" Saliha aliuliza. Aliuliza yeye kwa sababu aliona mumewe hawezi.

"Buyenzi. Kwa baba yangu." Mama mkwe alimgeukia mwanawe, akizungusha kipande cha sahani mikononi. "Miaka mitatu. Tulilala mu stoo ya mihogo. Wadogo zangu walikuwa wanamwita baba yako Bwana Maji, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anamletea mama yangu maji ya kisima, ndoo mbili, mbele ya watu. Hakuna siku alikataa."

"Na mi nilizaliwa wapi?"

"Mu jikoni ya mama yangu. Nyuma ya mafiga, kwa sababu stoo ilikuwa inavuja."

Chabani alikaa. Hakuchagua mahali, alikaa tu, ndani ya maji, na maji yakampanda kiunoni. "Mama, miaka sitini munaniimbia huo wimbo."

"Baba yako ndiye aliuanza. Tuliporudi, watu wa hapa walimuuliza ulikuwa wapi, akasema nilikuwa hapa hapa, nyinyi ndio mulikimbia. Nikamuachia." Sauti yake haikuomba msamaha. "Mwanaume amebeba maji ya mama mukwe wake miaka mitatu, akirudi kwake umunyime na hadithi? Mi sikuweza. Lakini sikujua utataka kufa nayo."

Spès alianza kukusanya mifuko yake midogo ya sampuli bila kumtazama yeyote. Alikuwa amejifunza vitu vingi chuoni, lakini si mahali pa kuweka macho katika saa kama hiyo.

"Mzee," alisema mwishowe, "papier naweza kuandika. Lakini nitaandika nilichokiona."

"Acha," Chabani alisema. "Haitanisaidia."

* * *

Ijumaa baada ya swala Chabani alipanda juu ya paa. Hakutangaza. Saliha alisikia msumari wa kwanza ukilia, akaacha alichokuwa akifanya, akaenda kusimama chini apokee bati. Walifanya kazi yeye juu, mkewe chini, kama walivyofanya kwenye mashimo ya makome miaka yote. Misumari iliyonyooka ilitiwa kopo moja, iliyopinda kopo lingine.

Massoudi alipita, akahesabu kwa macho. "Mabati haya yamechoka, Chabani. Ungengoja mashine tu."

"Wewe umeezua lako?"

"Mimi nyumba yangu iko upande wa juu wa barabara."

"Basi Mungu akuweke huko huko," Saliha alimjibu, akampa mgongo.

Jumamosi walitoa milango na madirisha. Matofali waliyafikia nusu tu. Kuta za chini zilikuwa zimelainika kiasi kwamba tofali lilibaki mkononi kama mkate. Mchana Chabani alitua kupumzika jikoni, na mama yake akamvuta karibu, akaanza kumweleza mambo ambayo Saliha hakuwahi kuyasikia kwenye Idi yoyote. Kwamba mgeni wa muda mrefu aamke kabla ya mwenye nyumba, lakini asitembee. Kwamba asikae kiti kinachotazama mlango. Kwamba chumvi inunuliwe na mgeni, kila mara, bila kuambiwa, hata kama hana kitu kingine. Kwamba watoto wa nyumba wakimtania, acheke wa kwanza. "Baba yako alijifunza kwa kuumia," alisema. "We nakupa bure."

Chabani alisikiliza akitazama makaa. Saliha hakuwahi kumwona akisikiliza hivyo. Alitoka nje kwa kisingizio cha kuanika mkeka, akampigia simu mdogo wake.

"Tunakuja kesho, Siku. Usijali. Wiki mbili tu, maji ikishuka kidogo tutatafuta pa kupanga."

"Wiki mbili si kitu, dada," Sikuzani alisema.

* * *

Mafuta ya magari hayakuwepo mjini mwezi huo, kwa hiyo walihama kwa mkokoteni wa kusukuma, safari tatu. Safari ya mwisho, Jumapili mchana, ilimbeba Bi Mwavita juu ya mabati, na godoro, na kuku. Walipita Kinindo kwenye majumba yenye maua ukutani. Mlinzi mmoja aliwaambia wapite upande wa pili, gari la bosi linatoka. Wakapita upande wa pili. Jua lilikuwa kali na Chabani, aliyekuwa kati ya mikono ya mkokoteni, alikuwa ametota jasho mpaka viatuni. Saliha alisukuma nyuma na hakufikiria chochote. Hiyo ilikuwa njia yake ya kufika mahali.

Nyakabiga, Sikuzani alikuwa mlangoni na kanga ya wageni. Alikuwa amepika pilau. Ilias, mumewe, alisimama nyuma yake na mikono yenye grisi aliyokuwa akiifuta kwa kitambaa, akifuta na kufuta, na watoto wao wanne walisimama kwenye ngazi wakihesabu kuku. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko Saliha alivyoikumbuka. Alimwona mdogo wake akiupima mzigo kwa jicho: mabati, milango minne, sanduku, bibi mmoja. Huo haukuwa mzigo wa wiki mbili, na kila mtu aliyekuwa pale aliweza kuuona.

"Karibuni, karibuni," Sikuzani alisema, sauti juu kidogo. "Shemeji, pole na safari. Karibu, hapa ni kwako. Hizi siku mbili tatu hatutashindwa kubanana."

Saliha alifungua mdomo kusema amina na kuliacha neno lipite. Chabani alimtangulia. Alikuwa ameweka mikono ya mkokoteni chini, amevua kofia yake ya mswalihina, ameishika kifuani.

"Shemeji, si siku mbili tatu," alisema. "Na si wiki mbili, dada yako amekudanganya kwa aibu. Maji ya namna hii inakaa miaka mitatu. Nimeihesabu na macho yangu. Tukiingia, tumeingia miaka mitatu." Aliutazama mkokoteni. "Sema sasa, mzigo haujashuka. Ukisema apana, sitakasirika. Tutageuza."

Jirani aliyekuwa akisuka nywele ng'ambo ya njia aliacha kusuka. Saliha alihisi uso unamchoma hadi masikioni, na chini ya aibu hiyo alihisi kitu kingine, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Sikuzani alimtazama shemeji yake. Kanga ya wageni ilikuwa imemteleza begani, na hakuirudisha.

"Miaka mitatu," alisema. Sauti ya juu ilikuwa imemwisha. "Mutakula nini?"

"Mikono niko nayo. Ilias anijaribu mu garage. Akinikuta sifai, kuna kazi za kubeba mizigo."

"Na mama analala na nani? Chumba ni kimoja."

"Na mimi," Saliha alisema. "Baba Nuru atalala na mabati, nje."

"Nje kuna wezi."

"Basi watamkuta."

Mtoto mmoja kwenye ngazi alicheka, akapigwa kofi la kichwa na mwenzake. Sikuzani alisugua paji la uso, akaangalia juu, ambako hapakuwa na chochote ila nyaya za umeme. Kisha akageuka.

"Ilias! Hiyo moteri iko mu chumba cha uani, na hizo tairi zote, toa. Zote, si nusu. Ulisikia ni miaka mingapi."